Folda Inapotoweka Kwenye Mtandao: Ya Kufanya Kabla ya Kumlipa Fundi

Mada tuliyopewa inahusu jambo lisilo na kelele, lakini likitokea husimamisha kazi. Mtu anawasha kompyuta asubuhi, anafungua folda ya pamoja iliyoko kwenye mtandao wa ofisi, na folda aliyoiacha jana haipo. Folda nyingine zipo. Hakuna onyo lililotokea. Ada za wanafunzi, madeni ya wateja, au daftari la mapokezi ya dawa, vyote ni kama havikuwahi kuandikwa.

Hapo ndipo hofu huingia, na hofu ina gharama. Fundi huitwa kwa haraka, na kwa haraka hiyohiyo hutamka kwamba diski imekufa, kwamba inunuliwe nyingine, au kwamba hii ifomatiwe ianze upya. Mwenye biashara hulipa kwa sababu hana namna ya kupima maneno anayoambiwa.

Tunalotaka mtoke nalo hapa leo ni hili: folda isiyoonekana kwenye mtandao mara nyingi ipo palepale ilipokuwa. Kinachopoteza kumbukumbu za watu ni hatua zinazochukuliwa kwa pupa baada ya folda hiyo kutoonekana. Yapo maswali machache ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuyauliza kwa mpangilio, na akisha kuyajibu atajua kama anahitaji fundi, na kama anamhitaji, amwambie nini.

Kwa nini folda huonekana huku isionekane kule

Ofisi nyingi ndogo hazina kompyuta za aina moja. Ya mhasibu hutumia Windows, ya mwenye biashara huenda ni ya Apple yenye macOS, na ile inayotunza mafaili ya wote, ambayo tutaiita seva, mara nyingi hutumia Linux kwa sababu haidai ada ya leseni. Hata vile visanduku vya kuhifadhia mafaili vinavyouzwa madukani, vyenye diski mbili au nne ndani yake na waya unaokwenda kwenye ruta, vingi huendeshwa na Linux ingawa boksi lake halisemi hivyo.

Windows, macOS na Linux ni mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoiongoza kompyuta nzima. Kila mmoja una desturi zake za kuandika majina, za kutoa ruhusa, na za kupanga mafaili ndani ya diski. Ili mifumo hiyo ielewane, hutumia lugha ya makubaliano. Inayotumika zaidi huitwa SMB. Chimbuko lake ni kampuni ya IBM mwaka 1983, kisha Microsoft ikaikuza. Upande wa Linux na jamaa zake kuna NFS, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Andrew Tridgell, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Canberra, Australia, aliandika programu iliyoziwezesha kompyuta zisizo za Windows kuzungumza SMB. Programu hiyo leo inaitwa Samba, nayo ndiyo inayofanya kazi ndani ya seva nyingi na visanduku vingi tulivyovitaja.

Tunaweza kuiita Samba mkalimani. Na kama ilivyo kwa mkalimani yeyote, neno lisilokuwapo katika lugha ya pili ama litabadilishwa ama litarukwa. Kwa hiyo orodha ya folda mnayoiona kwenye skrini ni taarifa mliyoletewa na mkalimani, kwa kuzingatia aliyeuliza ni nani na lugha yake inaruhusu nini. Diski yenyewe bado hamjaiona.

Mambo matatu ya kuepuka

Kabla hatujaingia katika maswali, tunaomba mambo matatu yazingatiwe na kila mtu ofisini, kuanzia meneja hadi mfanyakazi wa muda.

La kwanza, msiunde folda mpya yenye jina la ile isiyoonekana, wala msianze kuweka mafaili mapya mahali pale. Sababu yake tutaieleza punde, kwa maana ndiyo inayowaumiza watu mara mbili.

La pili, msikubali diski ifomatiwe. Kufomati ni kuiandaa diski upya kana kwamba haikuwa na kitu. Jambo hili lina mtego mmoja ambao kila mtumiaji anapaswa kuufahamu. Diski iliyotoka katika seva ya Linux hupangwa kwa utaratibu ambao Windows, kwa kawaida, haiwezi kuusoma. Fundi akiichomoa diski hiyo na kuichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, skrini yaweza kumwambia kwamba diski inapaswa kufomatiwa ndipo itumike. Kwenye kompyuta ya Apple ataambiwa kwamba diski haisomeki, na moja ya vitufe atakavyopewa ni cha kuiandaa upya. Ujumbe huo hauna maana kwamba diski imekufa. Maana yake ni kwamba kompyuta ile haiijui lugha ya diski ile. Anayebofya kukubali huanza kuziharibu kumbukumbu zilizokuwa salama.

La tatu, msifute, msihamishe, wala msisakinishe chochote upya. Chukueni kalamu na karatasi, mwandike: folda inaitwaje hasa, nani aliiona mara ya mwisho na lini, na nini kilibadilika tangu hapo. Je, umeme ulikatika? Kompyuta ilijisasisha usiku? Nywila ilibadilishwa? Ruta mpya ililetwa? Karatasi hiyo ni ya thamani kwenu na kwa fundi mwaminifu.

Swali la kwanza: Ni wote wasioiona, au ni mmoja?

Nendeni kwenye kompyuta nyingine, mfungue folda ile ile ya pamoja. Kama mwenzenu anaiona nanyi hamwioni, habari ni njema: folda ipo, na tatizo liko kati ya seva na akaunti yenu.

Seva nyingi zimewekwa zimfiche mtu vitu asivyoruhusiwa kuvisoma. Windows Server ina utaratibu huo, na Samba inao pia. Kusudi lake ni zuri, kwani karani wa mapokezi hana haja hata ya kujua kwamba kuna folda ya mishahara. Lakini ruhusa ikikosewa, mhusika haambiwi kwamba amezuiwa. Folda hutoweka tu machoni pake. Jambo hili hutokea hasa pale mtu mmoja anapounda folda kwa akaunti yake kwenye seva na kusahau kuwapa wengine ruhusa ya kuisoma.

Pia kuna suala la jina mnaloingilia. Windows hukumbuka jina na nywila iliyotumika kuunganishwa na seva, na kwa kawaida haikubali majina mawili kwenye seva ile ile kwa wakati mmoja. Kama jana kompyuta ilitumiwa na mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyeingia seva kwa akaunti ya wageni, na nywila hiyo ikahifadhiwa, basi leo mnaitazama seva kwa macho ya mgeni. Fungueni dirisha la amri, mwandike net use, nanyi mtaona miunganisho iliyopo. Ikateni, mzime kompyuta na kuiwasha tena, kisha mwingie kwa jina lenu wenyewe. Nywila ya zamani iliyohifadhiwa nayo ifutwe katika sehemu ya Windows inayotunza nywila.

Swali la pili: Je, ipo kwenye seva yenyewe?

Kama wote hawaioni, swali linahamia kwenye seva. Hapa msitazame kupitia mtandao. Kaeni mbele ya seva yenyewe, au fungueni ukurasa wake wa usimamizi, mwangalie diski inasemaje.

Katika Linux, diski ya pili au diski ya nje huonekana kama folda ndani ya folda nyingine. Folda hiyo ni kama kizingiti: diski ikiwa imeunganishwa, unavuka na kukuta mali iliyomo, isipounganishwa, kizingiti kinabaki na ndani yake hamna kitu. Sasa tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi. Umeme umekatika usiku na kurudi alfajiri. Seva imejiwasha, lakini diski ya nje imechelewa kuamka, au waya wake umelegea. Seva imeendelea bila kuisubiri. Wafanyakazi wanapofika saa mbili asubuhi, folda ya pamoja inafunguka vizuri, nayo ni tupu.

Hapo mfanyakazi mwenye bidii anaona kazi isisimame. Anaunda folda ya mauzo upya na kuingiza mauzo ya siku mbili. Mauzo hayo hayaendi kwenye diski ya nje, ambayo haijaunganishwa. Yanaandikwa ndani ya kile kizingiti, katika diski ndogo ya mfumo. Siku ya tatu fundi anakuja, anakaza waya, anaiunganisha diski. Kumbukumbu za zamani zinarudi na watu wanashangilia. Lakini mauzo ya siku mbili hayaonekani tena, kwa sababu diski iliyorudi imeyafunika kama mkeka uliotandikwa juu ya karatasi. Yapo chini yake, ila asiyejua hataenda kuyatafuta huko. Hii ndiyo sababu tumesema msiunde folda mpya.

Namna ya kuhakiki si ngumu. Kwenye seva ya Linux, amri ya df -h huorodhesha diski zilizounganishwa, ukubwa wake na nafasi iliyotumika. Kama mlikuwa na diski kubwa na sasa haimo katika orodha, sababu imeonekana. Wenye visanduku vya kuhifadhia mafaili wataona habari hiyo hiyo kwenye ukurasa wa usimamizi, kwa picha na rangi. Angalieni waya, angalieni kama diski inapata umeme, kisha iunganishwe kwa utaratibu. Na kama kuna mafaili yaliyowekwa ndani ya kizingiti wakati diski haipo, yanakiliwe kwanza mahali pengine kabla ya kuiunganisha.

Kwa wanaotumia NFS kuna jambo la ziada. Seva ikiishirikisha folda moja, na ndani ya folda hiyo kuna diski nyingine iliyounganishwa, NFS kwa kawaida haivuki kuingia katika diski hiyo ya pili mpaka iwe imeelekezwa hivyo. Mtumiaji wa mbali ataona folda tupu, ilhali aliyeketi mbele ya seva anaona kila kitu. Hapo hakuna kilichoharibika. Fundi anahitaji kuongeza agizo moja katika mipangilio ya seva, kazi ya dakika chache.

Swali la tatu: Jina lake limeandikwaje?

Ikiwa folda ipo kwenye diski, na ruhusa ni sahihi, lakini kompyuta ya Windows bado haiioni au haiifungui, litazameni jina herufi kwa herufi.

Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwake, Mauzo na mauzo ni folda mbili. Windows huzihesabu kuwa jina moja, na kompyuta za Apple kwa kawaida hufanya vivyo hivyo. Folda mbili za namna hiyo zikikaa pamoja kwenye seva, mtumiaji wa Windows anaweza kuona moja tu, au akaona zote mbili na kila anapofungua akakuta yaliyomo ni ya moja. Tiba yake ni kubadili jina la mojawapo kwenye seva yenyewe.

Zipo alama ambazo Windows haizikubali kamwe katika jina: nukta mbili, kinyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu, mabano ya pembe, mstari wima, na mikwaju ya pande zote mbili. Linux inazikataa chache mno. Aliyeita folda yake “Wateja: nani anadaiwa?” kwenye Linux hakufanya kosa katika mfumo wake, lakini Samba italazimika kumpa mtumiaji wa Windows jina fupi lisiloeleweka lenye alama ya wimbi katikati. Folda inaonekana, ila hakuna anayeitambua, na watu huapa kwamba imepotea. Hali kadhalika jina lenye nafasi tupu au nukta mwishoni huisumbua Windows. Na yapo majina iliyojiwekea yenyewe tangu zamani, kama CON, PRN, AUX na NUL. Aliyefupisha folda ya mikataba kuwa CON kwenye seva ya Linux ameiweka mbali na wenzake wa Windows bila kujua.

Jina linaloanza na nukta huhesabiwa katika Linux na macOS kuwa la kitu kilichofichwa, na Samba huipa Windows habari hiyo hiyo. Kwenye kompyuta ya Apple, bonyezeni Command, Shift na nukta kwa pamoja ili vilivyofichwa vionekane. Kwenye Windows, washeni uonyeshaji wa vitu vilivyofichwa katika menyu ya kutazama.

Kwa sisi tuandikao Kiswahili kuna mtego wetu wenyewe, nao ni ile alama ndogo katika ng’. Programu za kuandikia barua mara nyingi huipinda alama hiyo, lakini kibodi ikiandika jina la folda moja kwa moja huiacha imenyooka. Kwa jicho la mtu, “Ng’ombe” ya kwanza na “Ng'ombe” ya pili ni neno moja. Kwa kompyuta ni majina mawili. Mfugaji aliyelinakili jina kutoka katika barua anaweza kuitafuta folda ambayo haiko mbali naye hata hatua moja, na asiipate.

Swali la nne: Je, njia ya kuifikia imebadilika?

Wakati mwingine seva nzima huonekana kutoweka. Mtu hufungua sehemu ya mtandao katika Windows, ambako zamani kompyuta zote ziliorodheshwa, na hakuna kitu. Hapa historia fupi itasaidia. Toleo la kwanza la SMB lilikuwa na udhaifu ambao mwezi Mei 2017 ulitumiwa na programu haribifu ya WannaCry kuenea katika nchi nyingi. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho mwezi Machi mwaka huo, lakini kompyuta nyingi zilikuwa hazijasasishwa. Kuanzia toleo la Windows 10 lililotoka Oktoba 2017, toleo hilo la kwanza la SMB lilianza kuondolewa kwenye usakinishaji mpya. Orodha ya zamani ya majirani wa mtandao ilitegemea toleo hilo, hivyo ilitoweka pamoja nalo. Na katika Windows 11 iliyosasishwa mwaka 2024, masharti yaliongezwa zaidi, na seva zinazoruhusu mtu kuingia kama mgeni bila nywila huweza kukataliwa.

Kutokuwamo katika orodha hakumaanishi kwamba seva haifikiki. Andikeni anwani yake moja kwa moja: mikwaju miwili ya kurudi nyuma, jina la seva, mkwaju mmoja, na jina la folda. Kwenye Apple, bonyezeni Command na K, mwandike smb, nukta mbili, mikwaju miwili ya mbele na jina la seva. Likikataa jina, jaribuni namba ya anwani ya seva. Na kama ruta imebadilishwa karibuni, yumkini namba hiyo imebadilika.

Fundi akipendekeza kulirudisha lile toleo la kwanza la SMB ili mambo yawe kama zamani, tunawashauri mkatae. Ombeni seva isasishwe, na kila mtumiaji apewe akaunti na nywila yake. Kufungua mlango uliofungwa kwa sababu ya wezi si ukarabati.

Jambo la mwisho katika swali hili ni subira. Kompyuta huhifadhi kwa muda mfupi orodha ya folda iliyoletewa ili isiulize kila mara. Windows huikumbuka kwa sekunde kumi hivi. NFS katika Linux inaweza kuikumbuka hadi dakika nzima. Folda iliyoundwa sasa hivi na mwenzako chumba cha pili inaweza kuchelewa kuonekana. Subirini dakika moja, bonyezeni F5, ndipo muanze kuhangaika.

Kama kweli imefutwa

Hatutaki mtoke hapa mkiamini kwamba kila folda hurudi. Zipo zinazofutwa kwa makusudi au kwa bahati mbaya, na zipo diski zinazoharibika. Fahamuni kwamba kitu kilichofutwa kupitia mtandao hakiendi kwenye pipa la taka la kompyuta yenu ya Windows. Baadhi ya seva na visanduku vina pipa lao wenyewe, ila ni pale tu lilipowashwa. Litazameni huko kwanza.

Kama halipo, acheni kuitumia diski hiyo mara moja. Nafasi ya kitu kilichofutwa huachwa wazi kwa ajili ya vitu vipya, na kila faili jipya linaloandikwa linaweza kukalia mahali pa lile la zamani. Kadiri diski inavyoendelea kutumika, ndivyo matumaini yanavyopungua. Diski inayotoa mlio wa kugonga izimwe, isijaribiwejaribiwe.

Haki zenu mbele ya fundi

Mafundi wengi ni watu waaminifu na wenye ujuzi, na maelezo haya yatawarahisishia kazi. Hata hivyo mlipaji ana haki ya kuuliza, na tunapendekeza maswali manne. Umeiona diski kwa kutumia mfumo endeshi gani? Je, imo katika orodha ya diski za seva? Utachukua nakala nzima ya diski kabla ya kuigusa? Na gharama ya uchunguzi peke yake, bila matengenezo, ni kiasi gani? Fundi aliyeichunguza diski ya Linux kwenye kompyuta ya Windows tu, kisha akasema imekufa, bado hajaichunguza.

Dai majibu kwa maandishi pamoja na risiti. Diski ikichukuliwa, andikeni namba yake ya utambulisho iliyochapwa juu yake, tarehe, na jina la aliyeichukua. Diski ya zamani ni mali yenu hata baada ya mpya kununuliwa, dai irudishwe. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na kumwambia mteja kwamba kifaa kizima kimekufa ili auziwe kingine ni jambo ambalo mteja anaweza kulilalamikia. Anzeni kwa kumwandikia mtoa huduma mwenyewe. Asiporidhisha, pelekeni malalamiko penye mamlaka mkiwa na karatasi zenu.

Mkumbuke pia kwamba diski yenye majina ya wateja, simu zao au habari za afya zao ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Kumkabidhi fundi diski hakuwaondolei wajibu huo.

Kinga

Mabibi na mabwana, kinga ya mambo haya haina gharama kubwa. Kubalianeni ofisini namna moja ya kuandika majina ya folda: herufi ndogo, tarakimu na kistari, bila alama nyingine na bila nafasi tupu mwishoni. Kila mtu awe na akaunti yake. Andikeni kwenye karatasi jina la seva, anwani yake, na diski zilizomo, karatasi hiyo ikae kwenye faili la ofisi. Mwekeeni seva kifaa cha kuhimili umeme unapokatika. Na mchukue nakala ya akiba katika diski nyingine isiyokaa imechomekwa muda wote, kisha kila baada ya muda mfungue nakala hiyo mhakikishe inasomeka, kwa kuwa nakala ambayo haijawahi kufunguliwa bado ni ahadi tu.

Tunawaombeni siku folda itakapotoweka, kabla ya mtu yeyote kubofya kitufe cha kukubali, mmoja wenu aseme kwa sauti: “Tumeiangalia kwenye seva yenyewe?” Swali hilo peke yake laweza kuokoa kumbukumbu za mwaka mzima.